SINDANO, MKASI NA DAFTARI
Mazungumzo kwa akina mama na vijana wanaoshona nyumbani, Chamazi, Temeke



Hatukuja kama walimu. Sisi ni washonaji wa majumbani kama nyinyi. Vyerehani vyetu viko barazani, vingine viko chumbani pembeni ya kitanda. Mchana tunapika na kufua, jioni tunashona.

Leo tuna neno moja tu la kuwaambia: ufundi wa kushona hukua ukigawiwa, na hufa ukifichwa.

Tuanze na kanga. Kila mama hapa anayo. Lakini je, ilizaliwaje? Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizoletwa na wafanyabiashara. Neno lenyewe, leso, lilitoka kwa Wareno. Leso hizo zilikuja zikiwa zimeungana katika jora. Wanawake hawakutaka kukatiwa moja moja. Walichukua leso sita pamoja, wakazikata tatu tatu, kisha wakaziunga kwa sindano. Wakapata nguo pana ya kujifunga. Mmoja alianza, jirani akaona, akaiga, na mwishowe mtaa mzima ukavaa. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo pana iliyochapwa tayari. Basi ndiyo kanga hiyo! Hata leo watu wa Mombasa huiita leso.

Mnaona, jamani? Vazi letu lilianza kwa wanawake waliokaa pamoja na sindano zao. Kama yule wa kwanza angeuficha mtindo wake sandukuni, leo tungejifunga nini?

Wakubwa kati yetu wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, nguo zilipoadimika madukani. Shati la baba likichakaa kola, kola iligeuzwa. Likichakaa zaidi, lilikatwa likawa gauni la mtoto. Hakuna aliyefundishwa hayo chuoni. Tulionyeshana. Baadaye mitumba ikajaa sokoni, na sasa wengine wanauliza: kuna haja gani ya kushona? Haja ipo. Mtumba haukujui kimo chako. Sketi ya shule ya rangi ya bluu yenye marinda, sare za harusi, gauni la mama mjamzito, vyote hivyo vinamtaka mtu wa kupima na kukata. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, mafundi wa mitaani walishona barakoa za vitambaa. Na tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, mfuko wa kitambaa una kazi kila siku.

Sasa tuje kwenye daftari. Wengi wetu tulijifunza kusoma na kuandika ukubwani. Elimu hiyo tuitie kazini. Kila mteja awe na ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono, na tarehe ya kupima. Usitegemee kichwa. Fikirini hivi: gauni lina kipande cha mbele na cha nyuma, na kila kipande kina pande mbili. Ukipunguza sentimita 2 kila upande, umepoteza sentimita 8 kiunoni. Hapo gauni haliingii! Tena mkinunua kitambaa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, ulizeni kama mnapimiwa kwa yadi au kwa mita. Yadi 6 hazifiki hata mita 5 na nusu.

Na gazeti hili mkishalisoma, msifungie maandazi. Litandazeni chini, mchore juu yake vipande vya gauni, mvikate. Juu ya kila kipande andikeni: mbele, mgongo, mkono, mtoto wa miaka 7. Andikeni pia kama nafasi ya mshono imo au haimo. Mchoro usio na maandishi mwenzio hawezi kuutumia, na wewe mwenyewe baada ya miezi mitatu utausahau.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu. Wapo wenzetu ambao jirani akipiga hodi, haraka hufunika kazi kwa kanga, eti asiibiwe mtindo. Tunaielewa hofu yao. Mteja akihamia kwa jirani, kwako moto hauwaki. Lakini tazameni upande wa pili. Januari shule zikifunguliwa, au ikija harusi ya sare 40, mtu mmoja na cherehani kimoja hawezi. Atakesha, atakosea, mwishowe kazi itapelekwa kwa fundi wa mbali. Tukiwa watano, mmoja anakata, wawili wanaunga, wa nne anapiga pindo na vifungo, wa tano anapiga pasi. Kazi inakwisha, na fedha inabaki Chamazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Uliyemfundisha kukata ndiye atakayekuokoa siku hiyo. Na yeye atakuja na lake, mfuko wa pembeni au kola mpya, nawe utajifunza.

Jambo la mwisho ni bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mteja ameleta kitambaa chake. Umetumia uzi wa shilingi 1,000, zipu ya 500, na mkaa wa pasi wa 500. Jumla ni 2,000. Ukimtoza 5,000, umebaki na 3,000. Kama umeshona kwa saa 4, kila saa umepata shilingi 750. Je, zinakutosha? Jibu unalo wewe, lakini usilijue kwa kubahatisha. Na yule shoga anayesema, "Nitakulipa mwisho wa mwezi," jina lake liandikwe palepale akiona. Si kwamba humwamini, ni kwa ajili ya kulinda ujirani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wiki hii tupeane kazi. Kila mmoja akate mchoro mmoja wa gazeti anaoujua vizuri, auandike maneno, aje nao hapa. Tukiwa 12, kila mtu atarudi nyumbani na michoro 12, na hakuna atakayekuwa amepungukiwa na wake.

Sasa leteni maswali.