Chumba cha Nyuma Kisiizibe Nyumba Pumzi

Hotuba ya fundi mwashi kwa vikundi vya kujisaidia

Nimeambiwa kwamba wengi wenu, zamu ya meri-go-raundi ikiwafikia, mnataka kuongeza chumba nyuma ya nyumba. Ni jambo jema. Lakini leo sikuja kuwasifu tu. Nimekuja kuwaambia kosa langu, ili nyinyi msilirudie.

Nazungumza juu ya nyumba za mstari, zile zinazoungana kuta. Ziko kwenye senta zetu, na ziko kule Buru Buru, Nairobi, mtaa uliojengwa kuanzia miaka ya 1970, ambako watu wengi wameongeza vyumba. Nyumba ya namna hii haina dirisha ubavuni. Inapumua mbele na nyuma tu. Ukiziba nyuma, umeziba pua moja.

Miaka mingi iliyopita nilimjengea mama mmoja mjane jikoni nyuma ya nyumba yake ya vyumba viwili. Alitaka jiko kubwa, nami nikajenga kutoka mpaka hadi mpaka. Dirisha la chumba cha watoto likawa sasa linafungukia jikoni. Usiku mmoja wa baridi aliacha jiko la makaa likiwaka humo. Makaa yakishashika hayana moshi wa kuonekana, lakini yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na humwua mtu akiwa usingizini. Mtoto mmoja aliamka akitapika, kichwa kikimpasuka. Ndipo mama akafungua milango na kuwaburuta wote nje. Kwa neema ya Mungu walipona. Kesho yake nilirudi na nyundo nikabomoa sehemu ya kazi yangu mwenyewe, kwa gharama yangu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchimba msingi nauliza maswali manne.

La kwanza: hewa itapita wapi? Usijenge upana wote wa ploti. Acha ua mdogo, hata wa futi 4, mbele ya lile dirisha la zamani, ulio wazi mpaka juu. Chumba kitapungua, lakini watoto watapata hewa na mwanga. Jikoni napo kuwe na dirisha lake la nje na matundu ya hewa juu ya ukuta. Na hata hivyo, jiko la makaa lisilale ndani na watu.

La pili: paa litakaa wapi? Hapa wengi hukwama. Tuseme ukingo wa paa la zamani uko futi 8 kutoka sakafuni, na unataka chumba kinachoenda nyuma futi 10. Mabati yakiteremka futi 1 katika kila futi 10, mwisho wa chumba utabaki na futi 7, na hapo hujatoa unene wa mbao. Ukilaza mabati zaidi ya hapo, mvua ya upepo itarudi kupitia kwenye maungio. Kwa hiyo paa la zamani ndilo linalokuambia chumba kiishie wapi. Lipime kabla hujanunua jiwe hata moja. Mabati mapya yaingie vizuri chini ya yale ya zamani.

La tatu: maji yataenda wapi? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kama mita 9 za mraba. Mvua ya milimita 20 itakupa lita 180, yaani madebe 9 ya lita 20. Madebe hayo ukiyamwagia ukuta wa jirani, umemwagia ugomvi. Tega gata, peleka maji kwenye tangi au pipa. Mvua ile ile iliyoleta kesi itakufulia nguo.

La nne: jirani amesemaje? Msingi wake uko pale pale unapochimba. Usichimbe mtaro mrefu kando ya ukuta wake kwa siku moja na kuuacha mvua iuingie. Chimba kipande cha futi 3 au 4, mwaga zege, ngoja lishike, ndipo uendelee. Usipite chini ya kina cha msingi wake bila ushauri wa mhandisi. Ukuta wako usimame ndani ya mpaka wako. Nenda kwake mapema, umwonyeshe mchoro, mnywe chai. Kisha peleka mchoro kaunti, kwa maana kulingana na sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, ruhusa ya ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti. Bomoabomoa ni ghali kuliko ruhusa.

Sasa pesa. Katika Luka 14 Bwana Yesu alitaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi tuketi. Hesabu mpaka mabati, usihesabu mpaka kuta. Kuta bila paa zikinyeshewa msimu mzima, unaanza upya. Wala usipunguze simiti ili pesa zitoshe. Zege la sakafu ni kipimo 1 cha simiti, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto, na vipimwe kwa chombo kimoja, si kwa macho. Likishashika limwagilie maji siku 7. Kama pesa hazitoshi, punguza ukubwa wa chumba, usipunguze nguvu yake.

Nikimaliza, nawaachia kazi. Kabla ya mkutano ujao, kila anayetaka kujenga achukue kamba, vigingi vinne na futi ya kupimia. Apige kamba nyuma ya nyumba yake, kisha awaite wanakikundi wawili na jirani yake wasimame ndani. Wamuulize yale maswali manne: hewa, paa, maji, jirani. Akishindwa kujibu moja, asihamishe pesa, ahamishe vigingi. Kamba haina gharama ya kubomoa.