Butembo–Lubero kwa kinga: tujipange kwanza



Tunataka kufika Lubero kwa kinga: kilometa karibu 45 za milima na udongo, na njiani tutavuka Ikweta. Usimalize nguvu kwa kilima cha kwanza, kuna vingine vingi.

Mbele ya kutoka, kila mtu apime freni zake. Kwa muteremko njo zinalinda maisha. Tubebe pompi, viraka, maji na ndizi. Tutoke mapema, mvua isitukute kwa matope. Tuulize wenyeji kama njia ni salama. Kama si salama, tunabaki.

Chukudu ikishuka na mzigo, tuipishe: ule ndugu anatafuta chakula, siye tuko kwa matembezi.

Mwendo wetu ni wa yule wa nyuma kabisa. Hapana kuacha mtu mlimani!