Kumbukumbu za Umma Zisitegemee Kituo Kimoja

Ndugu walimu na watumishi wa Tarime na Serengeti, tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota nchini. Waya ukikatika kumbukumbu hazifutiki. Huzibwa njia ya kuzifikia.

Hapo ndipo penye mtego. Vituo viwili vya kompyuta vikitengana, kila kimoja hudhani kingine kimekufa. Kimoja kikiandika uhamisho wa mwalimu kwenda Mugumu, na kingine kikimwacha Nyamongo, mshahara ufuate daftari lipi? Ndiyo maana hutakiwa vituo vitatu, tena mbalimbali: viwili vinavyosikilizana huendelea na kazi, kilicho peke yake hunyamaza mpaka kiunganishwe. Cha tatu si lazima kiwe kikubwa, mradi kiweze kupiga kura.