Barua Yenye Muhuri

Tufungue Biblia zetu katika 1 Wafalme 21.

Yezebeli alitaka kumpatia mfalme shamba la Nabothi. Akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazituma kwa wazee wa mji. Wazee walijua ni uongo, wakatii. Watu wa mji waliokota mawe, na Biblia haituambii kama kuna hata mmoja aliyeuliza. Muhuri ulikuwa wa kweli, habari ilikuwa ya uongo.

Leo barua hiyo inakuja kama komunike, picha ao sauti ya WhatsApp. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua matunda yake. Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, Ebola ilitangazwa kwetu. Wanasiasa fulani wakasema kwamba ni ugonjwa wa kutungwa, na maneno yakakimbia simu kwa simu. Mwezi wa 12, CENI iliahirisha kura ya Beni na Butembo. Uchungu wa watu ulikuwa na sababu, lakini uongo ukapanda juu ya uchungu ule. Wagonjwa wengi wakaogopa kwenda kutibiwa. Mwezi wa 2, 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa hospitalini Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Ebola haikumuuliza mtu ni wa chama gani.

Kutoka 23:1 haimkatazi mtungaji peke yake. Inamkataza pia mwenye kubeba. Na Waberoya, katika Matendo 17:11, walichunguza hata mahubiri ya Paulo. Basi komunike ya chama ni nani isichunguzwe?

Kabla ya kutuma, tuulize: Nani amesema kwanza? Picha hii ni ya wapi, ya lini? Kama si kweli, nani atapigwa mawe? Tuulize zaidi habari inapotoka kwa upande tunaoupenda, maana hapo ndipo kidole kinakuwa chepesi.

Nabothi wa leo anaishi katika avenyu yetu. Ni muuguzi, ni jirani wa kabila lingine, ni mama wa sokoni. Jiwe liko mkononi mwetu, ndani ya simu. Tuliweke chini.