Okidi ni Mmea wa Juu ya Mti

*Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya Karatu na Ngorongoro kuhusu matunzo ya okidi kwa anayeanza*



Ua la okidi si kitu kigeni tena katika wilaya hizi mbili. Huonekana juu ya meza za mapokezi katika nyumba za wageni, na pengine mgeni anayeondoka humwachia mwenyeji wake kopo zima kuwa zawadi. Kwa hiyo vyama vilivyo kwenye njia za watalii, tangu Rhotia na Karatu mjini hadi Engaresero kando ya Ziwa Natron, vina haki ya kujiuliza kama maua haya yanaweza kuwapatia wanachama shilingi. Swali hilo ni jema, lakini liko jingine linalolitangulia: je, mwanachama aliyeletewa okidi moja anaweza kuifikisha mwaka wa pili ikiwa hai? Chama kikinunua makopo sita kwa fedha ya wanachama, nayo yote yakafa kabla ya miezi mitatu, hasara hiyo haina tofauti na ya mbolea iliyolowa ghalani. Hapana budi iandikwe vitabuni na kuelezwa mbele ya mkutano mkuu.

Jambo la kushangaza ni kwamba mkulima hodari ndiye aghalabu huiua okidi upesi zaidi. Mkulima wa kahawa wa Oldeani anajua kwamba mche hutaka udongo mwema uliochanganywa na samadi. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anajua kwamba maji ya mfereji yakikosekana zao limekwisha. Elimu zote mbili ni za kweli, na zote mbili, zikitumika kwa okidi, ni sumu.

Okidi inayouzwa zaidi duniani ndani ya makopo ni ile ambayo wataalamu huiita Phalaenopsis, yenye majani mapana mazito na kikonyo kirefu cha maua yaliyofanana na nondo waliotanua mabawa. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Huko haioti ardhini bali hushikamana na matawi ya miti, mizizi yake ikining'inia hewani. Hainyonyi mti huo hata kidogo. Mti ni mahali pake pa kukaa tu. Mvua hunyesha, mizizi hulowa, kisha upepo huikausha kabla ya mvua nyingine. Kila mzizi umevikwa ngozi nyeupe iliyo kama sponji, inayofyonza maji kwa haraka na kuyahifadhi. Mzizi huo ukifukiwa katika udongo mzito uliolowa hukosa hewa, ukaoza, na mmea hufa kwa kiu ilhali umezungukwa na maji. Hapo mwenye mmea, akiona majani yamelegea, huongeza maji, na kuoza kunakamilika.

Ifahamike pia kwamba jamaa ya okidi ni kubwa mno, na baadhi yake tunao hapa petu. Vanila inayolimwa Kagera ni okidi. Asili yake ni Mexico, na nje ya nchi hiyo haikuweza kuzaa vya kutosha hadi mwaka 1841, pale mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, jina lake Edmond Albius, alipobuni njia nyepesi ya kuchavusha ua lake kwa mkono kwa kutumia kijiti. Wakulima wa vanila hufanya vivyo hivyo hadi leo.

Basi, okidi ikifika nyumbani au ofisini, kazi ya kwanza ni kuiacha. Ikiwa ina maua, isihamishwe kopo. Iwekwe mahali pa mwanga usio wa jua kali, mbali na mimea mingine kwa muda wa wiki mbili hivi. Katika muda huo ichunguzwe chini ya majani na kwenye makwapa ya majani kama kuna wadudu weupe walio kama pamba. Wakionekana, wapanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, na zoezi hilo lirudiwe kila wiki hadi waishe. Maua yenyewe huweza kudumu miezi miwili au mitatu. Ni heri yafurahiwe.

Wakati wa kuhamisha ni baada ya maua kuanguka, hasa mizizi mipya yenye ncha za kijani inapoanza kuchipua. Sababu moja tu huruhusu kuhamisha mapema: kuoza. Harufu ya kuvunda ikitoka koponi, au mizizi ikionekana ya kahawia na laini, isingojewe siku nyingine.

Kabla ya kuutoa mmea, vifaa vyote viwe tayari. Kopo jipya lipite la zamani kwa upana wa kidole kimoja au viwili tu, na liwe na matundu mengi chini. Kopo la plastiki linaloangaza ndilo bora kwa anayeanza, kwa sababu humwonyesha mizizi bila kuisumbua. Wengi hupenda kopo kubwa wakidhani mmea utapata nafasi, lakini kopo kubwa hukaa na unyevu katikati, na hapo ndipo uozo huanzia. Chakula cha kujaza kopo si udongo. Ni vipande vya magome makavu ya msonobari, huo ambao mafundi mbao huuita mpaini, vyenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, vikichanganywa na vipande vichache vya mkaa. Magome hayo hupatikana penye kupasuliwa mbao. Mashamba ya misonobari yapo kando ya Mlima Meru. Yaloweshwe kwa siku nzima, kisha yachujwe vumbi lote. Anayetumia makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ayaloweshe na kubadilisha maji mara kadhaa, kwa kuwa makumbi huja na chumvi.

Mmea ulowanishwe kwanza ili mizizi ilainike, kisha kopo libinywebinywe pande zote mpaka utoke wenyewe. Usivutwe kwa majani. Magome ya zamani yaondolewe kwa vidole, taratibu. Mara nyingi, katikati kabisa ya mizizi, hukutwa kidonge cha nyuzi laini kilichobaki tangu mmea ulipokuwa kitaluni. Hicho hukaa na maji wakati sehemu nyingine zote zimekauka, na anayekiacha mahali pake amefanya nusu ya kazi. Kisha mizizi ikaguliwe mmoja mmoja. Ulio mgumu ukibonyezwa ni mzima, uwe mweupe, kijani au hata wa manjano kwa kukosa mwanga. Uliolegea, ukabaki ngozi tupu juu ya uzi mwembamba, umekufa. Wa kufa ukatwe kwa mkasi uliopitishwa motoni. Na mkasi huo upitishwe tena motoni kabla ya kugusa mmea mwingine, kwa kuwa magonjwa ya okidi husafiri kwa mkasi kuliko kwa upepo. Palipokatwa pakae pakavu, na unga kidogo wa mdalasini ukipakwa hapo husaidia, mradi usiguse mizizi mizima, maana huikausha.

Mmea usimamishwe katikati ya kopo jipya, shina likiwa sawa na ukingo, si chini yake. Magome yamiminwe kidogo kidogo huku kopo likigongwagongwa, hadi mmea usimame bila kuyumba. Ukiyumba, mizizi mipya husuguliwa ncha na kufa. Mizizi iliyozoea kukaa nje iachwe nje. Kama mizizi mingi ilikatwa, mmea usimwagiwe maji kwa siku nne au tano, ili vidonda vikauke. Kazi hii hurudiwa kila baada ya miaka miwili hivi, kwa kuwa magome nayo huoza na kugeuka kuwa kitu kama udongo.

Sasa maji. Hapa ndipo wanachama wa Engaresero wanapotofautiana na wenzao wa mahali pengine. Maji mengi ya visima na chemchemi katika ukanda huu wa Bonde la Ufa hubeba chumvi na floraidi kutokana na miamba ya volkano. Ziwa Natron lenyewe ni magadi. Ol Doinyo Lengai hutoa lava ya aina isiyopatikana penginepo duniani siku hizi, yenye magadi, ambayo hutoka nyeusi na baada ya kupata unyevu hugeuka nyeupe. Binadamu na mbuzi huweza kuvumilia maji yenye chumvi kiasi, okidi haiwezi. Ncha za mizizi huungua, zikawa nyeusi, na mwenye mmea hudhani ni ugonjwa. Kipimo chepesi ni kuchemsha kikombe cha maji katika sufuria safi mpaka yakauke yote. Kikibaki kidogo tu cha weupe, si neno. Yakibaki magamba meupe ya kukwanguliwa, maji hayo yasitumike kwa okidi.

Dawa yake ni maji ya mvua. Okidi moja haihitaji zaidi ya lita moja kwa wiki, kwa hiyo madumu machache yaliyojazwa wakati wa masika hutosha kuuvusha mmea mmoja au miwili hadi vuli. Ila maji ya kwanza kutoka paani baada ya kiangazi yamwagwe, kwa sababu bati huwa limekusanya vumbi la magadi, na mlima ukitoa majivu, kama ulivyofanya mwaka 2007 na 2008, tahadhari hiyo iwe maradufu. Majani nayo yapanguswe kwa kitambaa chenye maji safi, maana vumbi la Engaresero huyaziba.

Ni mara ngapi kumwagia? Kalenda isiamue, mizizi iamue. Ikiwa ya kijani ndani ya kopo, mmea bado una maji. Ikigeuka nyeupe-fedha, ndiyo zamu yake. Karatu hiyo huweza kuwa mara moja kwa siku saba au kumi. Engaresero, kwenye joto linalopita nyuzi 35 na upepo mkavu, huweza kuwa kila siku ya tatu au ya nne. Maji yamwagwe asubuhi, yapite yote na kutoka chini, na kopo lisiachwe limesimama ndani ya maji. Yakiingia katika moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochomoza, yafyonzwe kwa pamba au kitambaa, kwani okidi ya aina hii ina moyo mmoja, na ukioza hakuna mwingine wa kuutegemea. Kuupunguzia ukavu wa hewa, kopo liwekwe juu ya sinia lenye kokoto na maji, kitako kikiwa juu ya kokoto.

Mbolea haina maneno mengi: robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa wiki mbili, tena baada ya mizizi kulowa. Kuhusu mwanga, jani la kijani kilichoiva sana limekosa mwanga, na jani lenye wekundu limeuzidisha.

Linabaki jambo la sheria, ambalo katibu hana ruhusa ya kulipuuza. Misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro ina okidi zake za asili, na mwanachama anaweza kushawishika kuzibandua mitini akauze. Asifanye hivyo. Jamaa yote ya okidi imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro uchukuaji wa mimea bila kibali ni kosa. Zaidi ya hayo, okidi iliyobanduliwa kwa kawaida hufa, kwa kuwa mizizi iliyoshika gome haitoki nzima. Nyanda za Juu Kusini zimeonyesha matokeo ya uchumaji huria: viazi vya okidi za porini vilichimbwa kwa wingi kwa ajili ya soko la Zambia, ambako hupikwa chikanda, na kuzilinda ilikuwa mojawapo ya sababu za kuifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Chama kinunue mimea ya kitaluni, na stakabadhi ihifadhiwe, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa asili yake.

Mwisho kuna tatizo la maua ya mwaka wa pili. Ili okidi hii itoe kikonyo kipya, huhitaji wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi wa chini ya nyuzi 20 hivi. Engaresero ipo karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na joto la usiku huko mara nyingi halishuki kiasi hicho. Mmea utaongeza majani mazuri bila ua. Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, hupata ubaridi huo Juni, Julai na Agosti ndani ya nyumba bila gharama yoyote, mradi mmea usilazwe nje. Kwa hiyo vyama viwili vinaweza kuafikiana: mimea ya Engaresero ipande Karatu mwanzoni mwa Juni, itunzwe huko kwa ada ndogo, na irudi ikiwa na maua.

Mapatano hayo yaandikwe. Kila kopo litiwe namba isiyofutika, namba hiyo iingizwe katika daftari la mali za chama, na katibu anayepokea atie sahihi akieleza idadi ya majani na hali ya mizizi. Mmea usirudishwe ukiwa na vitumba, maana hewa kavu ya bondeni itavidondosha vyote. Ungoje hadi maua mawili au matatu ya kwanza yafunguke. Katika safari ya kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, kikonyo kifungwe kwenye kijiti, kopo lizungushiwe magazeti ndani ya boksi, na boksi hilo lipakatwe na abiria, siyo kufungwa juu ya gari pamoja na magunia.