Gari Kuukuu la Chama na Hesabu ya Petroli



Nimeombwa niseme machache juu ya magari ya vyama. Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kukagua vitabu. Lakini ukaguzi umenionyesha kwamba ugonjwa wa gari kuukuu huonekana katika vitabu vya hesabu hata kabla fundi hajafungua boneti, na katibu asiyeweza kuusoma huenda akamdhulumu mtu.

Chukueni mfano wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja jina. Kilikuwa na pikapu ya Peugeot 504, gari ambalo wengi wenu mnalifahamu, kwani aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1968 na imebeba mizigo mingi ya wakulima. Gari hilo lilikuwa likienda kilomita 9 kwa lita moja. Katika msimu mmoja likashuka hadi kilomita 6. Kamati ikaamini kwamba dereva anauza petroli, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imekwisha pigwa taipu, ikingoja sahihi tu.

Nilipopekua hati za malipo niliona jambo jingine. Katika miezi hiyo hiyo chama kilikuwa kimenunua betri mbili na altaneta moja. Na katika daftari la safari dereva alikuwa ameandika, tena zaidi ya mara moja, kwamba taa ni hafifu na honi hailii taa zikiwashwa. Hakuna aliyekuwa amelisoma daftari lile, na hilo lilinisikitisha kuliko petroli yenyewe.

Ndugu zangu, umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya, lakini hurudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Kwa hiyo uko waya mnene unaounganisha upande wa hasi wa betri na bodi, na mwingine unaounganisha bodi na injini. Mafundi huziita waya za ardhi. Zikishika kutu au zikilegea, umeme hutafuta njia ya kurudia popote: ukiwasha kiashirio, taa ya breki nayo hupepesa, ukiwasha taa kubwa, honi hunyamaza. Fundi mwenye haraka husema, “Betri imekufa,” nanyi mnanunua betri.

Mwambieni apime kwanza. Betri nzima iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikizungushwa kwa kasi ya kadiri, kipimo kipande hadi kati ya volti 13.8 na 14.4, kikibaki chini ya 13, hapo ndipo atazame mkanda wa feni na altaneta. Kisha aweke ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, msaidizi apige stata. Ikionekana zaidi ya nusu volti, waya wa ardhi ni mbovu. Dawa yake ni msasa, spana na, ikibidi, waya mpya. Anapofungua betri aanze na upande wa hasi, na katika kufunga aumalizie huo. Wala asiwepo mvuta sigara karibu.

Umeme huo una uhusiano gani na petroli? Plagi zisipopata umeme wa kutosha cheche huwa dhaifu, na sehemu ya petroli hutoka kwa bomba la moshi bila kuungua. Plagi za pikapu ile zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. Tena chujio la hewa lilijaa vumbi, na breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa haiachii. Baada ya mwendo mfupi gurudumu hilo lilikuwa la moto, mengine yakiwa baridi.

Baada ya matengenezo tulipima hivi. Tulijaza tanki hadi shingoni, katibu akapanda pamoja na dereva, wakaenda safari ya kawaida na mzigo wa kawaida, wakarudi kwenye pampu ile ile na kujaza tena. Kilomita walizihesabu kwa mawe ya barabarani, maana mita ya gari hudanganya: ukifunga matairi makubwa kuliko yale ya asili, huandika kilomita pungufu, na dereva huonekana mwizi. Gari lilikwenda kilomita 8 na kitu kwa lita. Halikurudi kwenye 9, wala kwa umri wake sikulitarajia. Barua ilichanwa.

Nisieleweke kwamba namtetea kila dereva. Katika chama kingine kipimo hicho hicho kilionyesha gari zima kabisa, ilhali vitabu vilidai petroli mara moja na nusu ya ile inayohitajika. Kamati ile ilipata ushahidi wake, nayo ikachukua hatua.

Kwa sasa naomba jambo dogo. Kila daftari la safari liwe na nafasi ya maelezo ya dereva. Katibu aisome kila Jumamosi na kuitia sahihi kabla ya kuidhinisha petroli ya juma linalofuata.