Mchujo wa Gusii na Jedwali Lisilochapishwa

Tarehe 9 Agosti 2022 kila mpiga kura wa Kisii na Nyamira, kaunti za Gusii nchini Kenya, alipewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Katika karatasi ya rais, kaunti zote mbili zilimpa ushindi Raila Odinga wa Azimio, kama zilivyompa mwaka 2013 na 2017. Karatasi zilizobaki zilikwenda kila moja njia yake. Ugavana wa Kisii ulichukuliwa na Simba Arati wa ODM, ambaye kwa mihula miwili alikuwa mbunge wa Dagoretti Kaskazini jijini Nairobi. Ng'ambo ya mpaka, Nyamira, Amos Nyaribo alishinda kwa tiketi ya UPA, chama kidogo chini ya mwavuli wa Azimio. Maseneta wote wawili, Richard Onyonka na Okong'o Omogeni, walitoka ODM. Uwakilishi wa wanawake ulikwenda Wiper upande wa Kisii na Jubilee upande wa Nyamira.

Viti vya ubunge ndivyo vinavyostahili kutazamwa kwa makini. Kaunti hizi mbili zina maeneo bunge kumi na matatu, tisa Kisii na manne Nyamira. UDA ilipata matano: Mugirango Kusini ya Silvanus Osoro, Kitutu Chache Kaskazini ya Japheth Nyakundi, Bomachoge Chache ya Alfah Miruka, Nyaribari Chache ya Zaheer Jhanda na Mugirango Kaskazini ya Joash Nyamoko. ODM nayo ilipata matano: Kitutu Chache Kusini, Bomachoge Borabu, Nyaribari Masaba, Kitutu Masaba na Borabu. Bobasi ilikwenda Wiper, Mugirango Magharibi Jubilee, Bonchari UPA. Viti kumi na vitatu, vyama vitano.

Jedwali hilo lipo na linaweza kukaguliwa kwa sababu sheria inailazimu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kulitoa. Lakini kabla ya Agosti kulikuwa na uchaguzi mwingine, mchujo wa vyama wa mwezi Aprili, ulioamua nani atachapishwa kwenye karatasi na nani atabaki nyumbani. Jedwali la uchaguzi huo, wadi kwa wadi na kituo kwa kituo, umma haukupewa. Chama hutangaza mshindi, humpa cheti cha uteuzi, na mambo huishia hapo. Dai la mhadhara huu ni moja: mchujo usiokuwa na hesabu iliyo wazi unawanyima watu wa Gusii nusu ya haki yao ya kuchagua, na nusu hiyo inaweza kupatikana kabla ya uchaguzi wa 2027.

Katika kaunti nyingi za Kenya mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Mwaniaji aliyepata tiketi ya ODM kule Siaya au Homa Bay huanza kupokea pongezi kabla ya Agosti. Mwaka 2017 hali ilikuwa hivyohivyo kwa tiketi ya Jubilee katika eneo la Mlima Kenya. Gusii haijawahi kukubali mtindo huo kwa muda mrefu. Hapa tiketi ni mwanzo wa safari, na mpiga kura huendesha mchujo wake wa pili mwenyewe, kwa siri, debeni.

Sababu mojawapo imeandikwa kwenye ramani. Majina ya maeneo bunge ni majina ya koo kuu za Abagusii: Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Ababasi, Abamachoge, Abanchari. Ukoo wa Abagirango wenyewe umetengana, Mugirango Kusini ikiwa Kisii karibu na mpaka wa Migori na Homa Bay, Magharibi na Kaskazini zikiwa Nyamira. Borabu ni kisa kingine: ni ardhi ya makazi iliyokuwa mashamba ya walowezi, na waliohamia Nyansiongo, Mekenene, Esise na Kiabonyoru walitoka pande mbalimbali za Gusii. Kwa hiyo chama kinapotoa tiketi ya ugavana, swali la kwanza katika soko la Keroka au stendi ya Suneka ni tiketi imekwenda ukoo gani, na ukoo gani umerukwa. Mtu akitaka kulijibu kwa ushahidi, hana takwimu za kushika. Hubaki na uvumi.

Mazoea haya ya kuchuja ni ya zamani kuliko vyama vinavyotajwa leo. Uchaguzi wa Desemba 1969, baada ya chama cha upinzani cha KPU kupigwa marufuku, ulikuwa kisheria mchujo wa KANU: aliyeshinda ndani ya chama aliingia Bungeni bila mpinzani. Katika mchujo huo Lawrence Sagini, waziri katika serikali ya kwanza ya Jomo Kenyatta, alipoteza kiti, na Zachary Onyonka akaanza safari ya ubunge iliyodumu hadi kifo chake mwaka 1996. Waziri aliangushwa na watu wake kwa kura ya siri ndani ya chama kimoja. Hilo linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mfumo wa chama kimoja ulimaanisha hakuna uchaguzi.

Kisha ukaja mlolongo. Mwaka 1988 KANU iliondoa kura ya siri kwenye uteuzi wake na kuwapanga wapiga kura nyuma ya mwaniaji, wakala wake au picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni alihesabiwa mbunge papo hapo. Ubaya wake wengi wanaukumbuka: foleni ndefu ilitangazwa fupi, na foleni fupi ikapewa ushindi. Walioona kwa macho yao walirudi nyumbani bila karatasi yoyote ya kuonyesha mahakamani, kwa kuwa foleni ikishatawanyika hakuna tena cha kuhesabu. Simeon Nyachae, aliyekuwa ametoka kustaafu utumishi wa umma katika ngazi ya juu kabisa, hakuruhusiwa hata kugombea. Mlolongo uliachwa baada ya kamati iliyoongozwa na George Saitoti kuzunguka nchi mwaka 1990 na kusikia hasira ya wananchi.

Demokrasia ya vyama vingi iliporudi, Gusii ilianza kuvitumia vyama kama milango ya dharura. George Anyona, aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa siasa zake, alichaguliwa Kitutu Masaba kupitia Kenya Social Congress, chama kilichokuwa na mbunge mmoja tu, yeye mwenyewe. Mwaka 2002 Nyachae aligombea urais kwa Ford-People. Kitaifa alipata kura 345,152, karibu asilimia 6, na sehemu kubwa ya kura hizo ilitoka vilima vya Kisii na Nyamira. Chama chake kilipata wabunge 14. Lakini mwaka 2007, katika Nyaribari Chache kwao, Nyachae huyohuyo alishindwa na Robert Monda. Gusii ilimpandisha kiongozi na kumshusha bila kusubiri ruhusa ya chama.

Bonchari inaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Mwaka 2017 eneo hilo lilimchagua Oyioka Oroo wa PDP. Alipofariki, uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 18 Mei 2021. Pavel Oimeke wa ODM alipata kura 8,049, Zebedeo Opore wa Jubilee 7,279, na Teresa Bitutu, mjane wa marehemu mbunge, aliyesimama kwa UDA, alipata 6,964. Wagombea watatu, na kati ya wa kwanza na wa tatu tofauti haikufika kura 1,100. Miezi kumi na mitano baadaye watu walewale walimwondoa Oimeke na kumchagua Charles Onchoke wa UPA. Vyama vitatu vimeshinda eneo bunge moja katika miaka mitano. Kiongozi wa chama anayeketi Nairobi na kudhani anaijua Bonchari kwa sababu ana bendera yake hapo anahitaji kulisoma jedwali hili tena.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Uchaguzi mkuu unapomalizika kituoni, msimamizi hujaza fomu ya matokeo, mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Kwa urais ni Fomu 34A, kwa ubunge ni 35A. Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika ngazi ya eneo bunge ni ya mwisho na makao makuu hayawezi kuyageuza. Mwaka 2022 fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye mtandao wa Tume, na mwalimu wa shule kule Ogembo aliyekuwa na simu aliweza kukipata kituo chake, kujumlisha na kulinganisha.

Katika mchujo wa chama mwalimu huyo hana pa kuangalia. Chama ndicho huajiri wasimamizi, huchapisha karatasi, husafirisha masanduku na kusikiliza malalamiko ya kwanza. Aprili 2017 Jubilee ililazimika kufuta mchujo wa siku ya kwanza katika kaunti ilikoanzia, baada ya karatasi za kura kupungua. Wiki iyo hiyo ODM ilikuwa bado inavutana na matokeo ya ugavana ya Busia, ambako Paul Otuoma aliyakataa na hatimaye akasimama kama mgombea huru.

Sheria imejaribu. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa yaliyotiwa sahihi Januari 2022 yanataka wanaopiga kura ya mchujo wawe wanachama waliomo kwenye sajili iliyothibitishwa na Msajili wa Vyama. Kuna pia Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na chama kinaweza kuiomba Tume ikiendeshee mchujo. Lakini sajili yenyewe ina dosari. Katikati ya mwaka 2021, raia walipoanza kukagua majina yao mtandaoni, wengi waligundua wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Na aliyeshindwa, Jopo lilipomwuliza ushahidi wa hesabu ya kila kituo, alikuwa na karatasi gani?

Huko Marekani mchujo wa vyama huchapishwa kaunti kwa kaunti, na mara nyingi kituo kwa kituo. Hilo halijawafanya Wamarekani kuwa waaminifu kuliko Wakenya. Mwaka 1948, katika marudio ya mchujo wa Democratic wa useneta wa Texas, jimbo lenye kaunti 254, Lyndon Johnson alimshinda Coke Stevenson kwa kura 87. Kura zilizompandisha zilitoka Sanduku la 13 la kaunti ya Jim Wells, zikiongezwa siku kadhaa baada ya uchaguzi. Johnson aliipata tiketi na baadaye akawa rais. Hata hivyo, kwa kuwa hesabu ilikuwa imeandikwa sanduku kwa sanduku, kila mtu alijua pa kunyooshea kidole, na wanahistoria wanakinyoosha hadi leo. Mfano wa pili unatia moyo zaidi. Januari 2012 chama cha Republican huko Iowa kilitangaza kwamba Mitt Romney ameongoza kwa kura 8. Fomu za vituo kutoka kaunti zote 99 zilipokaguliwa tena, Rick Santorum alikuwa mbele kwa kura 34, na fomu za vituo vinane hazikupatikana kabisa. Chama kiliyasema hayo hadharani, kikiwa kimejiaibisha. Kiliweza kusema kwa sababu karatasi zilikuwepo.

Wapo Gusii wanaopinga uwazi huu kwa nia njema. Wanasema matokeo ya wadi yakibandikwa, koo zitaonana: Rigoma itajua Gesima ilimnyima kura mwana wao, na chuki itaingia hadi matangani. Hoja hiyo ina uzito katika kaunti ambako jirani ni shemeji. Lakini matokeo ya Agosti hubandikwa milangoni kila miaka mitano na koo bado zinaoana. Kinacholeta chuki ni kutokujua, pale mwaniaji anapoambiwa ameshindwa na mtu wa mji mwingine, kwa hesabu asiyoonyeshwa, na jamaa zake wakajaza pengo hilo kwa wanachokisikia. Mwaniaji wa aina hiyo hahitaji kushawishiwa kuhamia chama kingine. Mwaka 2022 Sam Ongeri, aliyekuwa seneta wa Kisii kwa ODM, aligombea ugavana kwa tiketi ya DAP-K. Vyama vidogo vya Gusii vinalishwa kila baada ya miaka mitano na watu wasioamini kwamba tiketi ya chama kikubwa hutolewa kwa haki.

Wengine husema chama ni mali ya wanachama, na hesabu zake za ndani hazimhusu asiye mwanachama. Chama kinachopokea fedha kutoka Hazina ya Vyama vya Kisiasa kinapokea kodi ya mchuma chai wa Kiabonyoru na mchonga mawe wa Tabaka. Watu hao wana haki ya kuona karatasi.

Kisii ina wadi 45 na Nyamira 20. Chama kinachoendesha mchujo katika kaunti hizi mbili kinahitaji kujaza jedwali la mistari 65, na chini ya kila mstari fomu za vituo vyake, zikiwa na sahihi za mawakala. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na Fred Matiang'i wa Borabu tayari ametangaza nia ya kuwania urais, kwa hiyo macho ya nchi yatakuwa Gusii kuliko kawaida. Vyama vibandike fomu za mchujo mlangoni mwa kila kituo jioni ileile, na viziweke mtandaoni kabla ya kutoa cheti chochote. Msajili wa Vyama alitie sharti hilo katika kanuni. Na mwanachama wa chama chochote, Kisii au Nyamira, aanze leo kuikagua sajili aone kama jina lake limo, na katika chama kipi.